Dada wa Kiriaini auliza: Nijirembeshe vipi bila kujidhuru?

Barua iliyotufikia kutoka Kiriaini, kule Mathioya katika Kaunti ya Murang'a, imeandikwa kwa mwandiko nadhifu na haina jina. Mwandishi wake ana umri wa miaka 26 na ni muuzaji wa duka mjini humo. Kitambulisho chake kinasema ni mwanamume, na hivyo ndivyo anavyojulikana nyumbani, kanisani na kazini. Yeye mwenyewe anaeleza kwamba tangu akiwa shule ya msingi amejijua kuwa ni mwanamke, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyemfungulia moyo wake, dada yake mkubwa anayeishi Thika. Hataki kuhama wala kuzua fujo. Anachouliza ni jinsi ya kuulainisha mwonekano na mwenendo wake kidogo kidogo, ili ajitambue anapojitazama kwenye kioo, bila mji mzima kuanza kunong'ona.

Karibu na mwisho wa barua hiyo kuna mstari uliotufanya tuweke kando mada tuliyokuwa tumeipanga. Anasema kwa miezi minne sasa amekuwa akimeza tembe za kupanga uzazi, tatu kila siku, ambazo huzinunua Nyeri kwa kumwambia mwenye duka la dawa kwamba ni za mkewe. Tena anajipaka krimu ya kung'arisha uso ambayo kopo lake halina maandishi yoyote ila picha ya mwanamke mweupe anayetabasamu.

Basi leo, mpenzi msomaji, tutamjibu. Tutamwita dada, maana ndivyo alivyojiita. Nawe unayedhani jambo hili halikuhusu, usikimbilie ukurasa wa michezo bado. Huenda kijana wa hali hii yumo nyumbani mwako na hajapata pa kuuliza. Isitoshe, mengi tutakayosema kuhusu wembe, krimu na tembe yanamhusu kila mwenye ngozi na mishipa ya damu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyolingana moja kwa moja na ya kike wala ya kiume. Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya mwaka 2019, na idadi iliyotolewa ilikuwa 1,524. Dada yetu hajasema kwamba yeye ni huntha. Alizaliwa na mwili wa kiume, ila nafsi yake inajijua kuwa ya kike. Watu wa hali hii siku hizi huitwa transijenda. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022, iliiondoa hali hii katika sura ya magonjwa ya akili na kuiweka katika sura ya afya ya kijinsia. Haikufutwa kabisa, ili wanaohitaji huduma ya daktari waendelee kuipata. Kinachotibiwa ni dhiki anayoipata mtu mwili wake usipolingana na anavyojijua. Kumwoza mke kwa haraka hakuponyi kitu. Huongeza mtu wa pili katika mateso hayo.

Tembe hizo

Dada, acha kuzimeza leo. Usisubiri pakiti iishe.

Tembe nyingi za kupanga uzazi zina homoni mbili. Moja ni ya jamii ya estrojeni, iitwayo ethinili-estradioli, na ya pili ni ya jamii ya projestini. Zimetengenezwa zimezwe moja kwa siku na mwanamke ambaye kwanza amepimwa shinikizo la damu na kuulizwa kama anavuta sigara. Hata kwa kipimo hicho zinajulikana kuongeza hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Sababu ni kwamba ini, likiguswa na ethinili-estradioli, huongeza utengenezaji wa protini za kugandisha damu kuliko linavyofanya kwa estrojeni ya asili. Ukimeza tatu kwa mpigo unalisukuma ini mara tatu. Donge la damu aghalabu huanzia katika mshipa wa mguu. Likikatika husafiri hadi mapafuni, na mtu aliyekuwa akitembea asubuhi huweza kuwa maiti jioni. Ndiyo sababu madaktari wanaowahudumia wanawake wa transijenda waliiacha ethinili-estradioli zamani. Hutumia estradioli, ambayo ni ile ile inayotengenezwa na mwili wa mwanamke, kwa kipimo kinachofuatwa kwa uchunguzi wa damu.

Kuna jambo la kusikitisha zaidi. Katika pakiti nyingi, tembe saba za mwisho, zile za rangi ya kahawia, hazina homoni yoyote; ni madini ya chuma tu. Na wale wanaojidunga sindano ya miezi mitatu, au wanaomeza P2 wakidhani wanapata uanamke, hawapati estrojeni hata chembe. Sindano ile na P2 ni projestini peke yake.

Tuseme basi umeipata dawa inayofaa, kwa daktari anayefaa. Itafanya nini? Ngozi hulainika, mafuta ya mwili huanza kuelekea nyongani, na matiti huanza kuchomoza baada ya miezi mitatu hadi sita. Mabadiliko kamili huchukua miaka. Sauti haipandi hata kidogo, na ndevu hazikomi. Uwezo wa kuzaa hupungua na huenda usirudi. Matiti yakishaota hayaondoki hata ukiacha dawa. Kwa mtu anayesema hataki mji ujue bado, hilo ni la kufikiriwa kwa makini, maana matiti hayajui siri. Dawa za homoni ni njia halali ya matibabu, lakini si njia ya kujibadilisha kimya kimya, na anayekuuzia kwa jina hilo anakudanganya.

Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi imekatika ghafla, kifua kinachoma unapovuta hewa, kichwa kinauma kuliko ulivyowahi kuumwa, macho yamefifia au upande mmoja wa mwili umelegea, nenda hospitali usiku huo huo. Mwambie daktari ukweli kuhusu tembe. Aibu ya dakika tano ni afadhali kuliko daktari kubahatisha.

Krimu nayo itupe. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, lakini bado vinapenya na kuuzwa kwenye meza za barabarani. Zebaki huharibu figo, na huwafikia hata watoto wanaolala kitanda kimoja nawe au kutumia taulo yako. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa ya rangi ya majivu na buluu ambayo ni vigumu mno kuyafuta. Krimu nyingine zina steroidi kali zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi ya sigara. Na hapa niseme langu: sijui ni nani aliyewafundisha wasichana wetu kwamba uanamke ni weupe. Wanawake wanaochuma majani chai pale Mathioya ni weusi kwa jua la mlimani na hakuna anayewauliza kama ni wanawake.

Uso na nywele

Sasa tuje kwenye yale unayoweza kuyafanya kwa usalama, na ni mengi.

Ndevu ndizo zinazowasumbua wengi wa hali yako. Nywele zetu ni za kujikunja, na zikikatwa chini sana ncha yake hurudi ndani ya ngozi. Hapo ndipo vipele vya ndevu hutokea, kisha usaha, kisha madoa meusi kidevuni yanayoonekana kuliko ndevu zenyewe. Nyoa baada ya kuoga maji ya moto, wakati nywele zimelainika. Paka povu jingi, tumia wembe mkali wako mwenyewe, fuata upande nywele zinakoelekea, na usiivute ngozi. Pitisha mara moja, si mara nne. Ukiwa mtu wa vipele, afadhali mashine ya kinyozi inayoacha kivuli kidogo kuliko wembe unaochimba. Kung'oa ndevu moja moja kwa kibano ni vibaya zaidi, hasa kama ukoo wenu una watu wanaoota makovu makubwa yaliyovimba, yaani keloidi. Wembe wa kushirikiana usiuguse kamwe. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi huweza kupitia humo.

Wenye uwezo huenda Nairobi kuchomwa mizizi ya ndevu kwa leza. Huduma hiyo huhitaji kurudiwa mara nyingi na si rahisi kwa mfuko. Kabla ya kulipa, uliza ni leza ya aina gani. Kwa ngozi nyeusi inayofaa ni ile iitwayo Nd:YAG. Nyingine huifuata rangi ya ngozi badala ya mzizi wa nywele, na mtu hutoka na majeraha ya moto usoni. Na kuna jambo la subira hapa: ndevu zikipungua polepole kwa mwaka mzima, hakuna jirani anayekumbuka zilikuwa nyingi kiasi gani.

Nyusi zahitaji mkono mwepesi. Ondoa zile zilizotawanyika chini ya upinde, chache tu, kisha uache kwa wiki mbili utazame. Uso mzima hubadilika kwa nywele kumi. Ukizidisha utashangaa jinsi zinavyochelewa kurudi, na zikinyofolewa kwa miaka huenda zisirudi. Kwa ngozi yenyewe, baridi ya Kiriaini huikausha, hivyo paka mafuta mazito usiku na losheni ya kukinga jua mchana, yenye kipimo cha 30 au zaidi. Wanaume wengi hawafanyi hivyo, na baada ya miezi miwili tofauti huonekana. Kucha zilizopunguzwa kwa umbo la yai, zikasuguliwa na kupakwa rangi isiyo na rangi, hakuna atakayezisema. Atakayeziona ni wewe kila unapohesabu chenji.

Nywele ndizo rahisi kuliko yote, na hapa dada ana bahati ya historia. Vijana wa Kikuyu wa zamani, wale waliokuwa wakiitwa anake, walifuga nywele ndefu, wakazisokota nyuzi nyuzi na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Walitoboa ndewe pana masikioni wakavaa mapambo. Na wapiganaji wa Mau Mau waliokaa misitu ya Nyandarua walikuwa na rasta. Dedan Kimathi alikuwa nazo alipokamatwa karibu na Nyeri Oktoba 1956. Kwa hiyo mzee atakayekuambia kwamba nywele ndefu kwa mwanamume si mila yetu, mwulize kwa adabu anasema mila ya mwaka gani. Siku hizi rasta zimejaa katika matatu na vyuoni, na hakuna anayegeuka kuzitazama. Anza nazo fupi. Zikishuka mabegani unaweza kuzifunga nyuma kazini na kuziachilia ukiwa chumbani. Angalia tu zisivutwe sana. Kichwa kikiuma usiku wa kwanza baada ya saluni, au vipele vikitokea pembeni mwa paji, msusi amekaza mno, na upara wa namna hiyo hauna dawa ya uhakika.

Nguo

Soko la mitumba ni rafiki mkubwa, kwa kuwa pale hakuna anayeuliza sweta unamnunulia nani. Sweta za kike huwa nyembamba mabegani na hushika kiuno. Suruali za kike zina nafasi nyongani na hupungua kuelekea chini. Shati la kike vifungo vyake vimeshonwa upande wa kushoto, jambo ambalo watu wengi hawalijui hata wakilivaa. Chagua kitambaa laini, rangi ya kahawia, kijani au zambarau iliyokolea, skafu kwa ajili ya baridi. Kiriaini ni mji wa kujifunika. Fursa ya skafu na sweta ni ya miezi mingi.

Wengi huanzia ndani, kwa chupi na sidiria nyepesi chini ya nguo za kazi, na huona moyo umetulia. Shida ya nguo hizo si kuzivaa, ni kuzianika. Katika ploti yenye kamba moja ya nguo kila mtu anajua chupi za kila mtu. Hivyo watu huzianika chini ya kitanda na kuzivaa zikiwa mbichi, kisha huja kulalamika kuhusu kuwashwa kwenye mapaja. Hiyo ni ukungu wa ngozi. Zikamue ndani ya taulo, uzitandaze kwenye mgongo wa kiti, na uzipige pasi hadi zikauke kabisa.

Kuhusu kuficha sehemu za kiume ili nguo ilale vizuri mbele, tutasema wazi maana ni jambo la afya. Chupi inayobana kiasi inatosha. Usitumie gundi wala utepe wa kufungia makatoni. Ngozi ya pale huchubuka upesi. Usilale hivyo, usikae hivyo kutwa nzima, na usibane mkojo kwa sababu ya kuona taabu kujifungua. Kukiuma, fungua. Maumivu makali ya ghafla kwenye korodani moja yasiyotulia huenda ni korodani iliyojisokota, na daktari ana muda wa kama saa sita tu kuiokoa. Mkanda wa kubana kiuno nao una kiasi chake: ukishindwa kuvuta pumzi ndefu au kiungulia kikianza, umekaza mno. Na mtu yeyote atakayekuahidi kukudunga silikoni kwenye makalio au kifuani, mkimbie. Silikoni ya maji huingia kwenye mishipa na kufika mapafuni, na imeua watu.

Sauti na mwenendo

Dada anasema sauti yake ndiyo humsaliti. Kwa wastani sauti ya mwanamume hutetema mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, na ya mwanamke kati ya mara 180 na 220. Lakini kimo cha sauti si kila kitu. Mwanamume akipandisha tu sauti husikika kama anayeigiza. Kinachoifanya sauti isikike ya kike zaidi ni mahali inapovuma: ya kiume huvuma kifuani, ya kike huvuma mbele, karibu na midomo na mashavu. Weka kiganja kifuani, toa sauti ya "mmm" na uisikie ikitetemesha mkono. Kisha ipandishe taratibu hadi mtetemo uhamie kwenye midomo na pua. Ukishajua pale mahali, soma sentensi moja ukiwa pale pale, halafu mbili, halafu habari nzima ya gazeti hili. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha. Baada ya miezi kadhaa utaona umeanza kukaa katikati, mahali ambapo kwenye simu anayekupigia husita kabla ya kusema bwana au bibi. Kwa mtu wa hali yako, pale katikati ni pazuri pa kukaa kwa muda.

Utafanyia wapi mazoezi ikiwa chumba ni cha mbao? Ngoja mvua. Mabati yakipigwa na mvua ya Aprili hata anayeimba kwa nguvu hasikiki chumba cha pili. Kunywa maji kabla ya kuanza. Usinong'one kwa muda mrefu, maana kunong'ona huchosha nyuzi za sauti, na usilazimishe sauti nyembamba ya kitoto. Koo likiuma, pumzika siku hiyo. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

Lugha zetu nazo zinakusaidia. Kiswahili hakina neno la kumtenga mwanamume na mwanamke katika "yeye", na Kikuyu ni vivyo hivyo. Dada yako wa Thika anaweza kukutaja mbele ya mama yenu siku nzima bila kusema uongo.

Kuhusu mwenendo, kosa tunaloliona ni watu kujifunza uanamke kwenye runinga. Wanarudi na mikono inayopepea na viuno vinavyosokoteka, mambo ambayo hakuna mwanamke wa Kiriaini anayeyafanya akipanda mlima na debe la maji. Tazama wanawake wa umri wako, wa mji wako. Utaona kwamba wakikaa huleta viwiko karibu na mwili. Mkoba huushika upande, si kuutundika nyuma kama jembe. Wakisikiliza huitikia, kwa kichwa na kwa sauti ndogo, wakati wanaume hukaa kimya hadi zamu yao. Wakicheka hugusa mkono wa mwenzao. Wakisimulia jambo hupandisha na kushusha sauti kuliko wanaume. Si kila mwanamke hufanya haya yote, na hayo si sheria ya maumbile. Ni mazoea ya mahali, yanayofundishwa watoto wa kike tangu utotoni, nawe hukufundishwa. Basi chukua moja tu kwa mwezi. Mwezi wa kwanza kaa magoti yakiwa pamoja. Likishakuwa lako hata usingizini, chukua jingine. Mabadiliko ya namna hiyo watu huyaona kama kukua, husema tu fulani siku hizi ametulia.

Usalama wako

Mji mdogo una macho mengi. Fanya majaribio makubwa mbali, Thika kwa dada yako au Nairobi, si pale stendi unapojulikana na kila utingo. Picha zako ukiwa umevaa rinda usiziache kwenye simu isiyo na namba ya siri. Wako waliotozwa pesa kwa picha. Ukitaka kumwambia mtu wa pili, chagua mtu ambaye umewahi kumwona akitunza siri ya mwingine.

Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza mwanamume kufuga nywele au kuvaa skafu ya kike. Mahakama nazo zimeanza kusikia. Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2001 katika Shule ya Upili ya Kiambu kwa jina la kiume, alitambuliwa kuwa na hali hii katika Hospitali ya Mathari mwaka 2008. Vyeti vyake vilikuwa na jina moja na yeye alikuwa mtu mwingine mbele ya kila mwajiri. Alibadili jina kisheria, kisha akaenda kortini, na Oktoba 7, 2014, Jaji Weldon Korir aliagiza Baraza la Mitihani (KNEC) limpe cheti chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Julai mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru kuandikishwa kwa shirika lake, Transgender Education and Advocacy. Na Agosti 2025, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya Sh1 milioni mwanamke wa transijenda aliyevunjiwa heshima mikononi mwa serikali, na ikaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa hali hiyo. Safari ya cheti kimoja ilichukua miaka. Hatukuambii uianze kesho, ila ujue ipo.

Siku nyingine moyo utalemewa. Ukianza kufikiri kwamba afadhali usiwepo, piga 1199, nambari ya bila malipo ya Msalaba Mwekundu, au utafute Befrienders Kenya. Kujaribu kujiua si jambo la kufungwa tena, Mahakama Kuu iliamua hivyo Januari 2025, kwa hiyo usiogope kumweleza muuguzi.

Sasa kuhusu wiki hii. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyeri iko njia ile ile ya Othaya unayopita kununua tembe. Mwombe dada yako akusindikize. Beba pakiti ya tembe na lile kopo la krimu, hata kama ni tupu. Omba kuzungumza na daktari mlango ukiwa umefungwa, na ujue kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka aitunze siri yako. Mwambie hivi: nimemeza dawa hizi tatu kwa siku kwa miezi minne, nimejipaka hii, naomba nipimwe. Vipimo vya kuulizia ni shinikizo la damu, ini, figo, mafuta na sukari kwenye damu, na mkojo kwa ajili ya zebaki ikiwa maabara ina uwezo huo. Akikuuliza kwa nini ulizimeza, una hiari ya kumwambia leo au siku nyingine. Akikukemea, pokea karatasi ya vipimo, mshukuru, uwapeleke majibu kwa daktari mwingine. Madaktari wa homoni wenye uzoefu wa hali hii wengi wao wako Nairobi, na shirika la Jinsiangu huweza kukuelekeza kwao.